JI YETU NA SE YAO: Vitenzi vya Kujirejelea Katika Kihispania

Na Mwanachama wa Kidato cha Tatu

Najua swali lililo mdomoni mwako: Kihispania kimefuata nini katika jarida la Chama cha Kiswahili? Umezoea kukuta humu ngeli, methali, mashairi na vitendawili. Tulia kidogo, nitakueleza.

Shuleni mwetu wapo wanaojifunza Kihispania kisirisiri, na si wachache. Hakimo katika ratiba yetu wala hatukitahiniwi, lakini wanajifunza. Wengine wamevutwa na kandanda ya Barcelona na Real Madrid, wengine na zile tamthilia za Meksiko ambazo televisheni zetu zimezionyesha kwa miaka mingi, na wengine ni nyimbo tu. Wote nimewaona wakikwama mahali pamoja. Wanakwenda vizuri na salamu, wanakwenda vizuri na hesabu, halafu wanafika kwenye vitenzi kama levantarse, llamarse na irse. Hapo daftari linafungwa na kurudishwa chini ya godoro.

Mimi nasema wanakwama kwa sababu ya njia waliyopita. Vitabu wanavyovitumia vimeandikwa kwa Kiingereza, kwa hivyo kila neno la Kihispania wanalipeleka Uingereza kwanza ndipo walirudishe kichwani mwao. Kiingereza chenyewe hakina kiambishi cha kujirejelea ndani ya kitenzi. Hutumia neno zima la kuongeza huko nyuma, tena kwa uchache. Kumbe lugha yenye vifaa vya kazi hii ni hii ambayo tunaiacha mlangoni tukienda kusoma lugha za kigeni! Kisa na maana, Kihispania kina kijineno kimoja, se, na sisi tuna ji. Lakini hapa nitoe onyo mapema: se si ji peke yake. Se inafanya kazi ya ji, inafanya kazi ya -ana, ya -ka, ya -wa, na mara nyingine kazi ya "zangu" na "zako". Ni kibarua mmoja aliyeajiriwa na matajiri watano. Anayeona se kila mahali akasema "hii ni ji" atachekwa, na anayejua mnyambuliko wa vitenzi vya Kiswahili atafika.

Kihispania chenyewe si mgeni sana kwetu. Ni lugha rasmi katika nchi zipatazo 20, nyingi zikiwa Amerika ya Kusini na ya Kati, na hapa Afrika katika Guinea ya Ikweta, iliyopata uhuru mwaka wa 1968. Katika Umoja wa Afrika kinakaa meza moja na Kiswahili, ambacho wakuu wa nchi walikipitisha kuwa lugha ya kazi ya Umoja huo mnamo Februari 2022. Hiyo meza yenyewe tulipewa na Wareno, na Mhispania naye husema mesa. Waarabu nao walitupa sukari, wakampa yeye azúcar. Walitupa hata, wakampa hasta, ile ya "hasta mañana", yaani hadi kesho. Haya, turudi kwenye kazi.

JI HAIBADILIKI, SE HUBADILIKA

Ji yetu ni mtumishi mtiifu. Niwe mimi, uwe wewe, wawe wao, ji ni ile ile: najiosha, unajiosha, anajiosha, tunajiosha, mnajiosha, wanajiosha. Kinachobadilika ni kiambishi cha nafsi huko mbele. Sasa tazama kitenzi lavarse, kujiosha au kunawa:

me lavo – najiosha
te lavas – unajiosha
se lava – anajiosha
nos lavamos – tunajiosha
os laváis – mnajiosha
se lavan – wanajiosha

Unaona? Kijineno chenyewe hufuata nafsi. Kosa la kwanza la mwanafunzi wa Kiswahili hutoka papo hapo: kwa kuwa ji haigeuki, naye huibeba se jinsi alivyoiona kwenye kamusi na kusema "yo se lavo". La hasha! Ni me lavo. Hata kitenzi kikiwa hakijanyambuliwa, kijineno lazima kimfuate mwenyewe: nataka kunawa ni quiero lavarme, si quiero lavarse.

Hiyo os ni ya Uhispania. Katika Amerika ya Kusini hutaisikia mazungumzoni; wao husema ustedes se lavan. Halafu kuna usted, neno la heshima la kumwambia mtu mmoja mzima au mgeni, nalo pia hutumia se. Kwa hivyo rafiki yako utamuuliza "¿Cómo te llamas?", lakini mwalimu au mzee utamuuliza "¿Cómo se llama usted?". Ukiwachanganya, huyo mzee atakutazama kama mtu aliyeamkiwa "sasa" badala ya "shikamoo".

Jambo jingine. Hizo me, te, nos na os hazina kazi moja. Ni sawa na zile -ni-, -ku-, -tu- na -wa- zetu za mtendwa. Utajuaje basi kama me imebeba maana ya ji? Tazama mtenda ni nani. Wanaolala bwenini watanielewa upesi:

La campana me despierta – kengele inaniamsha.
Me despierto – naamka.

Katika sentensi ya kwanza mtenda ni kengele na mtendwa ni mimi. Katika ya pili mtenda ni mimi na mtendwa ni mimi. Mwisho wa kitenzi, ile -o, unatuambia hivyo. Nafsi ya mbele ikilingana na nafsi ya mwisho wa kitenzi, hapo kuna kujirejelea. Ni nafsi ya tatu tu iliyopewa kijineno chake maalum: lo lava ni anamwosha (mwingine), se lava ni anajiosha.

Na mahali pa kukaa? Ji haihami. Hukaa ubavuni mwa mzizi daima: anajikata, kujikata, jikate, usijikate. Kijineno cha Kihispania kinahamahama kama mfugaji wakati wa kiangazi. Mbele ya kitenzi kilichonyambuliwa husimama peke yake: me levanto, nainuka. Kwenye kitenzi jina hujibandika nyuma: levantarse. Katika amri hujibandika nyuma pia: ¡levántate!, inuka! Lakini amri ikikanushwa kinarudi mbele: ¡no te levantes!, usiinuke! Wenzangu wa Kifaransa watakuwa wamekwisha kuzoea mambo haya, ila wao wakumbuke kwamba Mfaransa hutumia être katika wakati uliopita wa vitenzi hivi, hali Mhispania hutumia haber kama kwa vitenzi vingine vyote: me he lavado.

PALE SE ILIPO JI KWELI

Mahali hapa ni rahisi, tupite upesi. Esconderse ni kujificha. Cortarse ni kujikata. Defenderse ni kujitetea. Prepararse ni kujitayarisha. Presentarse ni kujitambulisha. Esforzarse ni kujitahidi. Ondoa se, uondoe ji, na maana hubaki sawa pande zote: esconder ni kuficha, cortar ni kukata, defender ni kutetea. (Kujitahidi kumenipita hapo, lakini nitalirudia.)

Ila chunga ladha ya ji. Katika Kiswahili, hasa cha kuzungumza, ji hupenda kubeba lawama. Tukisema fulani anajiona, au anajisikia, au anajidai, si sifa hiyo. Sasa Mhispania akitaja jina lake husema "Me llamo Pedro", ambayo neno kwa neno ni "najiita Pedro". Kwake hiyo ni salamu ya kawaida kabisa. Kwetu, ukisema "anajiita daktari", kila mtu ameshaelewa kwamba huyo si daktari, na polisi wanamtafuta. Kwa hivyo me llamo itafsiri kwa "naitwa", usimtie Pedro wa watu mashakani bure.

Vivyo hivyo, me siento bien ni najisikia vizuri, bila majivuno yoyote. Na hapo kuna mtego mwingine: me siento peke yake yaweza kutoka kwa sentirse, kujisikia, au kwa sentarse, kuketi. Mbele ya kiti ni kuketi, mbele ya daktari ni kujisikia. Maneno yanayofuata ndiyo yatakayokuamulia.

WAO HUPUNGUZA, SISI HUONGEZA

Sasa tufike penye watu wengi kuanguka. Orodha ya kwanza katika kitabu chochote cha Kihispania ni ile ya mambo ya asubuhi: despertarse, levantarse, bañarse, vestirse, sentarse, na jioni acostarse. Mwanafunzi anatafsiri: kuamka, kuinuka, kuoga, kuvaa, kuketi, kulala. Halafu anauliza, "Ji iko wapi? Mbona hatusemi kujioga?" Anaamua kwamba se hapa ni pambo, anaiacha. Siku akikutana na Mhispania anamwambia "Yo baño", na yule anamtazama akingoja amalizie. Unamwogesha nani? Mtoto? Mbwa?

Siri ni hii. Weka maneno haya mawili mawili:

oga – ogesha. Bañarse – bañar
lala – laza. Acostarse – acostar
vaa – visha. Vestirse – vestir
keti – ketisha. Sentarse – sentar
amka – amsha. Despertarse – despertar

Sisi aghalabu tunaanzia kwa mtu mwenyewe: anaoga. Tukitaka kumwingiza mwingine tunarefusha kitenzi kwa kauli ya kutendesha: anamwogesha mtoto. Mhispania anaanzia upande wa pili. Kitenzi chake kikiwa kitupu kina maana ya kumfanyia mwingine: baña al niño, anamwogesha mtoto. Akitaka kazi hiyo imrudie mwenyewe ndipo anatia se: se baña, anaoga. Kwa hiyo safari ni ile ile ila kila mmoja ameanzia mwisho wake. Ukilifahamu hili hutauliza tena ji iko wapi. Utauliza: katika Kiswahili, kitenzi hiki kina ndugu yake wa kutendesha? Kikiwa naye, basi huyo wa kutendesha ndiye bila se, na mwenye se ni huyu mfupi.

Hata ndoa inafuata mkondo huu. Baba anayeozesha binti yake, na padri anayefungisha ndoa, wote casar. Wanaofunga ndoa wenyewe ni casarse: Juan se casó con María. Na tazama vizuri: María se casó con Juan. Kitenzi ni kimoja kwa bwana na bibi! Hakuna kuoa hapa na kuolewa pale. Nilipowaeleza hayo dada zetu wa chama cha mdahalo, waliomba hoja hiyo iandikwe kwenye kumbukumbu za kikao.

"KWANI KILIJIVUNJA?"

Kila mtoto aliyelelewa katika nyumba yenye vikombe amewahi kusikia swali hili. Umeingia jikoni, kikombe kimeanguka, mama anakuja mbio. Unasema, "Mama, kikombe kimevunjika." Naye anajibu, "Kimevunjika? Kwani kilijivunja?" Katika swali hilo dogo kuna somo zima la sarufi. Wewe umetumia -ka, kauli ya kutendeka, ambayo haimtaji mtenda. Mama naye amekurudisha kwa ji, ambayo inadai mtenda awepo, na kwa kuwa kikombe hakina mikono, mtenda ni wewe.

Mama wa Kihispania hana silaha hiyo. Kwake kikombe kimevunjika ni "la taza se rompió", na kikombe kilijivunja, kama kingeweza, ni "la taza se rompió" vile vile. Se imezibeba kauli mbili zetu kwa pamoja. Hivyo ndivyo ilivyo kwa abrirse, kufunguka (la puerta se abrió, mlango ulifunguka), kwa quemarse, kuungua, kwa derretirse, kuyeyuka, kwa perderse, kupotea. Ukikuta se na kitu kisicho na uhai, jaribu -ka au -uka kwanza kabla ya kuifikiria ji. Mara nyingi utapata.

Lakini Mhispania hakuishia hapo. Ana njia ya kusema kwamba jambo limetokea lenyewe, na aliyepatwa nalo ni mimi. Anaongeza me, te, le, nos, os au les baada ya ile se. Hapa ndipo wanaopita njia ya Kiingereza hukata tamaa, na hapa ndipo nakuomba ufungue masikio yako ya Kiswahili:

Se me acabó el dinero – pesa zimeniishia.
Se me perdieron las llaves – funguo zimenipotea.
Se me rompió el lápiz – penseli imenivunjikia.
Se nos murió la vaca – ng'ombe ametufia.

Je, kuna ajabu yoyote hapo? Hakuna! Tangu utotoni tunasema hivi. Se imekaa mahali pa kwisha, kupotea na kuvunjika. Me imekaa mahali pa -ni- ya aliyepatwa. Mwenye kusimamia kitenzi si mimi, ni pesa, ni funguo, ni ng'ombe. Ndiyo maana funguo zikiwa nyingi kitenzi nacho kinakuwa cha wingi, perdieron, kama vile sisi tunavyosema zimenipotea na si limenipotea. Kiingereza hupenda kumfanya mtu kuwa mtenda wa hata asichokitenda: yeye ndiye "aliyepoteza" funguo. Kiswahili na Kihispania vinakubaliana kwamba funguo zilipotea, na hasara ni yangu.

Ametufia, hasa, ni neno la kulitazama mara mbili. Ng'ombe amekufa ni habari. Ng'ombe ametufia ni habari na msiba: maziwa yamekatika, karo haijulikani itatoka wapi. Mhispania akisema "murió la vaca" ametoa habari. Akisema "se nos murió la vaca" amekuonyesha nyumba nzima iliyopata pigo. Unaposoma barua au hadithi ya Kihispania ukaipita hiyo nos bila kuijali, umeacha machozi ya watu pembeni.

Tahadhari moja tu. "Se me cayó el vaso" maana yake glasi imeniponyoka. Usije ukaitafsiri "glasi imeniangukia", maana hiyo ni habari ya kupelekwa hospitali. Akitaka kusema imemwangukia, Mhispania huongeza encima, yaani juu: se me cayó encima.

Mwanafunzi mjanja ameshaanza kutabasamu. Anajiuliza, "Kumbe naweza kumwambia mwalimu kwamba kazi ya ziada ilinisahaulika yenyewe?" Naam, Kihispania kinaruhusu. Unaweza kusema olvidé la tarea, nilisahau kazi ya ziada. Unaweza kusema se me olvidó la tarea, ambayo ni kama kusema ilinitoka tu kichwani. Hakuna uongo katika ile ya pili, kwani kusahau hakuna anayekusudia. Kama mwalimu atakubali ni shauri jingine. Nadhani walimu wa Madrid na wa Malabo wana masikio kama ya walimu wetu.

KIDOLE CHA NANI?

Katika mambo ya mwili wa mtu, tunaenda sambamba na Mhispania kiasi cha kushangaza. Sisi tunasema nimejikata kidole. Hatusemi nimekata kidole changu. Hiyo ingetisha, kana kwamba ulikiweka juu ya gogo ukachukua panga. Mhispania naye husema me corté el dedo. Hiyo el si "changu", inataja kidole tu. Mwenye kidole ameshatajwa na me. Amevunjika mguu ni se rompió la pierna. Nanawa mikono ni me lavo las manos. Navua viatu ni me quito los zapatos. Hata pale pasipo na kujirejelea, kichwa kinaniuma ni me duele la cabeza, neno kwa neno. Anayetafsiri kutoka Kiingereza atajaza mi na mis kila mahali, aandike me lavo mis manos, asahihishwe kwa kalamu nyekundu. Wewe fuata Kiswahili chako, utapata alama.

KUPENDANA NA KUUZWA

Kazi mbili zilizobaki hazina ugumu. Ya kwanza ni ya -ana. Se aman ni wanapendana, se ayudan ni wanasaidiana, na ile nos vemos ya kuagana ni tutaonana. Hapa Kiswahili ni tajiri kuliko Kihispania, acha tujivune kidogo. Mhispania akisema "se miran", hujui kama kila mmoja anajitazama kwenye kioo au wanatazamana usoni. Sisi tumetenga ji na -ana. Yeye inambidi aongeze maneno, el uno al otro, mmoja kwa mwingine, ili mambo yaeleweke.

Ya pili ni ya -wa, pale ambapo mtenda hatajwi. Katika miji ya Marekani yenye watu wengi wa asili ya Amerika ya Kusini, maduka hubandika "Se habla español", Kihispania kinazungumzwa hapa. Nyumba yenye kibao "Se vende" inauzwa, yenye "Se alquila" inakodishwa. Se dice que ni inasemekana kwamba. Na vile vibao vyetu maarufu vya "Shamba hili haliuzwi", ambavyo mgeni akipita barabarani hujiuliza kama nchi hii watu huuziana mashamba yasiyo yao, vingeandikwa kwa maneno matatu tu: No se vende.

NAENDA ZANGU

Nimeiacha hii nyuma kwa kuwa ndiyo niipendayo. Ir ni kwenda. Irse je? Kamusi inasema kuondoka. Sawa, lakini Kiswahili kina neno lililo karibu zaidi. Soma polepole:

me voy – naenda zangu
te vas – unaenda zako
se va – anaenda zake
nos vamos – tunaenda zetu
os vais – mnaenda zenu
se van – wanaenda zao

Ile zangu, zako, zake inabadilika nafsi kwa nafsi kama me, te, se! Na maana ni moja: si kwenda mahali fulani, bali kuacha mahali ulipo. ¡Vámonos! ni twende zetu! ¡Vete! ni nenda zako! na ukali wake ni ule ule, kwa hivyo usimwambie mkubwa wako.

Tofauti ya voy na me voy si ya mchezo. Tuseme uko nyumbani kwa watu, chakula kimeandaliwa, mwenyeji anakuita mezani. Kwetu ungejibu "Nakuja!" Wao hujibu "¡Ya voy!", yaani "naenda" huko mezani. Ukiteleza ukasema "¡Ya me voy!", umewaaga wenyeji. Watashangaa ni nini kimekuudhi, nawe utalala njaa kwa sababu ya herufi mbili.

Vipo vitenzi vingine vinavyogeuka maana hivi. Dormir ni kulala usingizi, dormirse ni kushikwa na usingizi. Parecer ni kuonekana kama, parecerse ni kufanana. Acordar ni kuafikiana, acordarse ni kukumbuka. Comer ni kula, comerse ni kula kitu chote kikaisha. Hivi hakuna kanuni moja ya kuvifungia pamoja. Kila kimoja kijifunze na jirani yake.

WADANGANYIFU

Kama nilivyoahidi, turudi kwa kujitahidi. Ukikata ji utabaki na "tahidi", neno ambalo halimo katika Kiswahili. Hiyo ji imetoka na neno lenyewe Uarabuni. Kujibu na kujenga pia hazina ji ya kujirejelea. Kihispania nacho kina wadanganyifu wake. "Se lo di" maana yake nilimpa, wala hakuna kujirejelea hapo: Mhispania hapendi le ifuatane na lo, kwa hiyo huivua le na kuivika se. Na sé yenye alama juu ni najua, ya kitenzi saber.

Tena kuna vitenzi visivyokubali kuachana na se hata kama sisi hatuoni sababu: arrepentirse, kujuta; quejarse, kulalamika; atreverse, kuthubutu. Kinyume chake, kujifunza kwetu kuna ji, lakini aprender yao haina se. Hapo ni kukariri tu, ndugu yangu.

ZOEZI

Tafsiri kwa Kihispania:
1. Mama anamwogesha mtoto, kisha anaoga.
2. Pesa zimetuishia.
3. Nimejikata kidole.
4. Twende zetu!

Tafsiri kwa Kiswahili, bila kutumia ji hata mara moja:
5. ¿Se va usted?
6. Se me rompió la taza.
7. Los amigos se ayudan.
8. Se lo di a Pedro.

Majibu yatabandikwa kwenye ubao wa chama wiki moja baada ya jarida kutoka. Atakayepata yote manane amwone katibu wa chama, na atakayetia ji katika la sita aende amuulize mama yake.